Mashaka ya Kila Siku na Njia za Kuyapunguza

Hotuba ya makarani wa Chama, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka na kuchapishwa katika taarifa hii kwa agizo la Halmashauri



Halmashauri ilituagiza sisi makarani tutayarishe maneno machache juu ya mashaka ya kila siku: yatoka wapi, yamdhuru mtu namna gani, na tufanye nini ili yasitushinde. Agizo hilo halikutolewa bure. Katika daftari la misaada la mwaka huu, karibu kila mwanachama aliyekuja kuomba alikuja siku ya mwisho: notisi ya nyumba imekwisha kuletwa, mtoto amekwisha kurudishwa kutoka shuleni, au mgonjwa amekwisha kulazwa. Fedha zilizotoka zilikuwa za kuzima moto uliokwisha kuwaka, nazo zilitoka kwa wingi. Leo twataka kusema kwamba sehemu kubwa ya mashaka haya huonekana yakija tangu mbali, na kwamba Chama kikimpokea mtu mapema, mzigo wake huwa mwepesi kwake na kwa hazina yetu. Mwisho wa maneno haya tutaleta ombi mbele ya mkutano.

NENO "PRESHA"

Magazeti na madaktari wa siku hizi huliita jambo hili msongo wa mawazo. Sisi tunaofanya kazi Biashara Street twasema "presha" tu. Fulani ana presha. Kodi yampa presha. Mteja asiyelipa amempandisha presha. Neno hili lafaa lichunguzwe, kwa maana limebeba vitu viwili. Presha ya damu hupimwa kwa mashine, na madaktari huihesabu kuwa ya juu ikipimwa zaidi ya siku moja na kuonekana 140 kwa 90 au kuzidi hapo. Presha ya mawazo haina mashine ya kuipima. Mtu aweza kuwa na moja bila ya nyingine. Wako watu wapole, wacheshi, wasiodaiwa na mtu, ambao damu yao yapanda kimya kimya. Na wako wenye mawazo mazito ambao damu yao i sawa. Basi asidhani mtu kwamba akituliza moyo amekwisha kuitibu damu, wala aliyepewa vidonge vya damu asidhani kwamba vitamlipia kodi.

Yatupasa pia tujue kwamba mashaka si upungufu wa imani wala ulegevu wa tabia. Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojitayarisha kupigana au kukimbia uonapo hatari: moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, na tumbo hupunguza kazi yake ya kusaga chakula. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi mjini Montreal katika nchi ya Kanada, aliandika kwamba mwili hujibu kwa namna moja madhara ya aina nyingi, na kwamba madhara yakidumu, mwili huishiwa na nguvu.

Matayarisho hayo ya mwili ni mema kwa hamali aonaye mkokoteni wa mwenzake ukimjia kwa kasi. Huruka kando, hushukuru Mungu, na baada ya kitambo mwili wake hurudi katika hali yake. Lakini kodi hairukwi kando. Mwenye nyumba huja mwezi huu, na mwezi ujao huja tena, na katikati mwili wa mpangaji hukaa macho usiku na mchana kama askari asiyepokewa zamu. Usingizi hukatika, kichwa huuma, tumbo huchafuka. Mtu aliyejulikana kwa upole huanza kuwafokea watoto. Mkokoteni uliotengenezwa kwa magunia kumi, ukipakiwa ishirini kila siku, ekseli yake huchakaa ndani kwa ndani. Nayo yaweza kukatika hata siku ambayo mzigo ni mdogo.

MASHAKA YENYE TAREHE

Sisi makarani tumezoea kalenda na daftari, na kwa desturi hiyo tulijaribu kuyaandika malalamiko tuyasikiayo katika mtaa huu. Tuliona kwamba yagawanyika sehemu mbili: yenye tarehe na yasiyo na tarehe.

Yenye tarehe ndiyo mengi. Kodi ya nyumba ina tarehe. Karo za shule zina tarehe mara tatu kwa mwaka. Leseni ya biashara ina tarehe. Idd na Krismasi zajulikana tangu mwaka uanzapo, hata kama mwezi utaonekana siku moja mbele au nyuma. Joto la kaskazi, litufanyalo tukose usingizi na kugombana kwa neno dogo, huja tangu Desemba mpaka Machi, na halijapata kusahau njia ya Mombasa.

Biashara yetu wenyewe ina tarehe. Leso zauzwa kwa wingi siku za kukaribia Idd, nyakati za harusi, na mwisho wa mwezi watu wapatapo mishahara. Wanunuzi hutoka Likoni, Kisauni, Kwale na Malindi, na fundi wa kupinda leso aliyekaa barazani na cherehani yake hana nafasi ya kuinua kichwa. Kisha huja wiki za kimya, leso zikaning'inia milangoni bila kuguswa. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo leso zake zajulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", ilianza Mombasa mwaka 1887. Kazi hii ya leso basi si ya jana, na kupanda na kushuka kwake ni mambo ya kutazamiwa. Fundi ahesabuye mapato ya kumi la mwisho la Ramadhani kana kwamba ndiyo mapato ya kila mwezi, amejiwekea mashaka ya mwezi wa mfunguo pili.

Jambo lenye tarehe laweza kugawanywa. Natutazame hesabu ndogo. Mzazi atakiwa karo ya shilingi 9,000 baada ya siku 90. Akianza leo, atatia katika kibubu shilingi 100 kila siku. Akingoja mpaka zibaki siku 14, atahitaji zaidi ya shilingi 640 kila siku, na hapo ndipo usingizi hupotea na mkopo huanza. Karo ni ile ile. Kilichobadilika ni siku ya kuanza.

Twajua kwamba wako wanachama ambao hata hiyo shilingi 100 hawaipati kila siku, nasi hatusemi maneno haya kwa kuwadharau. Lakini mtu huyo ndiye hasa apaswaye kujulikana mapema, siku ya tisini kabla, na wala si siku ya mwisho. Shule nyingi humsikiliza mzazi ajaye kabla ya muhula kuomba alipe kwa mafungu. Ajaye baada ya mtoto kurudishwa hukuta moyo wa mwalimu umekwisha kufungwa.

MKOPO WA USIKU

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi wa Machi, 2007, na miaka michache baadaye ikafuata mikopo ya simu. Hatuilaani. Imewafaa wengi, na muuza mboga wa Markiti aweza kununua mali alfajiri na kulipa jioni. Lakini yafaa tutambue kilichobadilika. Zamani mwenye kutaka kukopa ilimbidi aende kwa mtu, abishe hodi, aulizwe habari za nyumbani, kisha aseme haja yake. Ile haya ya kusema ilikuwa breki. Na yule aliyeambiwa alipata kujua kwamba kuna shida katika nyumba ile. Siku hizi mtu hukopa usiku wa manane, amelala kitandani, kwa kidole kimoja, wala hata mkewe aliye ubavuni mwake hana habari.

Kwa ruhusa yake mwenyewe, na bila kumtaja jina, twaeleza habari za mwanachama mmoja, fundi wa kupinda leso. Kazi ilipopungua alikopa kwa simu ili alipe kodi. Ule mkopo ulipofika tarehe, alichukua wa pili ili alipe wa kwanza, kisha wa tatu. Aliacha kuhudhuria mikutano kwa kuwa hakuwa na mchango, na alibadili njia ya kwenda nyumbani ili asipite mbele ya duka alilodaiwa. Miezi mitano hakumwambia mtu. Mwishowe aliuza cherehani yake, na ndipo jirani mmoja alipoona baraza tupu akaleta habari kwa wazee.

Wazee wawili walikaa naye jioni moja, wakaandika madeni yake yote katika karatasi moja. Yeye alidhani hayahesabiki. Yalikuwa manne. Mwenye nyumba alipoendewa alikubali kulipwa nusu kwa nusu. Mwenye duka alisema angalingoja mwaka mzima kama angaliambiwa, na lililomuudhi ni kule kukimbiwa. Mikopo miwili ya simu iliyobaki ilipangiwa siku. Hivi leo fundi huyu amebakiwa na deni moja, naye alala usingizi. Lakini cherehani haikurudi. Ashona kwa cherehani ya mtu, na kila anachopata hukigawa. Hasara hiyo, wazee wetu, haikuletwa na deni peke yake. Ililetwa na miezi mitano ya kunyamaza.

Tena iko elimu ambayo ingalimpunguzia hofu. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya zilizotolewa Machi 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa simu kumtisha mdaiwa, kumtolea matusi, au kuwapigia jamaa na rafiki zake ili kumwaibisha. Na kwa wenye maduka, sheria iliyotungwa mwaka 1965 kwa ajili ya wapangaji wa maduka na hoteli yasema hivi: pasipokuwa na mkataba wa maandishi, au mkataba ukiwa hauzidi miaka mitano, mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji wala kumpandishia kodi ila kwa notisi ya maandishi ya muda usiopungua miezi miwili, naye mpangaji aweza kulipeleka shauri lake mbele ya baraza la kodi za nyumba za biashara kabla siku zile hazijaisha. Wapangaji wangapi wa mtaa huu wamekosa usingizi kwa neno la mdomo ambalo kisheria halina nguvu? Deni hulipwa, hilo halina ubishi. Lakini kudaiwa si kosa la kumfanya mtu apotee njia ya nyumbani kwake.

MASHAKA YASIYO NA TAREHE

Sehemu ya pili ni yale yajayo bila taarifa: foleni ya kivuko cha Likoni, honi za tuktuk, mteja mwenye maneno makali, ugomvi wa nyumba, habari mbaya katika simu. Haya hayagawanyiki kwa kibubu. Dawa yake ni desturi njema zilizowekwa kabla, ili yakija yakute mtu mwenye nguvu. Tutazitaja chache ambazo hazina gharama.

Kwanza, usingizi. Kahawa chungu ya baada ya Isha ni adabu nzuri ya mji wetu, lakini kwa mwenye mawazo mengi humwongezea macho. Na miraa huzidi. Anayetafuna miraa ili asahau deni hulikuta deni limekaa pale pale alfajiri, naye hana akili ya kulikabili. Hali kadhalika tembo. Simu nayo yafaa ilazwe mbali na kitanda, kwa kuwa hakuna mkopo, ugomvi wala uvumi usioweza kungoja asubuhi.

Pili, adhuhuri. Watu wa kale wa pwani walikuwa na busara kufunga duka wakati wa jua kali, wakaswali, wakala, wakajinyoosha kidogo. Tusidhani kwamba huo ulikuwa uvivu. Mwenye duka asiyeweza kufunga na ampe msaidizi wake zamu ya nusu saa, maji ya kunywa, na kiti. Karani anayesimama tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi bila kukaa hukosea hesabu jioni, na kosa la hesabu ni mashaka mapya.

Tatu, pumzi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 kijitabu cha mafunzo ya kukabiliana na mashaka, na miongoni mwa mafunzo yake ni kumtaka mtu atulie, ahisi miguu yake juu ya ardhi, apumue polepole, kisha atazame kilicho mbele yake na kukishughulikia. Pumzi ikitolewa taratibu, mapigo ya moyo nayo hupungua. Jambo hili laweza kufanywa katika foleni ya feri bila mtu yeyote kujua. Feri haitakuja upesi kwa kukasirikiwa.

Nne, ugomvi. Shauri zito la nyumba lisianzwe wakati wa njaa, wala mlangoni mtu anaporudi kazini. Wake zetu wana desturi ya kununua leso yenye jina la kumjibu jirani au mume, nasi twaifanyia biashara hatuwezi kuikataza. Hata hivyo tumeona mara nyingi kwamba leso hupeleka neno lakini haisubiri jibu. Mambo yanayotaka jibu na yasemwe kwa mdomo, kwa sauti ya chini, watu wakiwa wamekwisha kula.

Na hapa twapenda kusema neno juu ya mama zetu. Mwanamume afungapo duka amemaliza kazi. Mwanamke aliyeuza mahamri tangu alfajiri, au aliyekaa dukani siku nzima, arudipo nyumbani ndipo huanza kazi nyingine: chakula, maji, watoto, wakwe. Tukihesabu saa kama tunavyohesabu doti za leso, tutaona kwamba yeye ndiye aliyebebeshwa magunia ishirini. Mume akitaka kupunguza mashaka ya nyumba yake na aanze kwa kuchukua gunia moja: awaangalie watoto na vitabu vyao kila jioni, au achote maji. Hilo halimpunguzii heshima.

DHIKI ISIYOPONYWA KWA PUMZI

Yatupasa hata hivyo kuwa waangalifu, tusije tukamwambia kila mtu apumue. Iko dhiki ambayo mzizi wake si moyo wa mtu bali ni ujira mdogo au nyumba mbaya. Wazee wetu walihadithiwa na baba zao habari za Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa walipoacha kazi wakakusanyika katika kiwanja kilichoitwa Kiwanja cha Maskini. Vitu vilikuwa ghali, vyumba vilikuwa haba, na mshahara haukutosha. Watu wale hawakuhitaji kufundishwa utulivu. Walihitaji kusikilizwa juu ya ujira, na kwa kuwa walikuwa pamoja, serikali ya siku zile ilibidi iwasikilize na kuunda baraza la kuchunguza madai yao.

Hali kadhalika mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale tangu tarehe 6 Mei, na katazo likaendelea mpaka mwanzo wa Juni. Mtu aliyepata riziki yake ng'ambo ya mpaka ule hakuwa na kosa lolote, wala hakuna hesabu ya kibubu iliyoweza kulitazamia jambo lile. Kilichomfaa ni jirani aliyegawa sahani. Twayataja haya ili tusimhukumu mwenye dhiki kwamba hakujipanga. Kazi ya kwanza ni kumwuliza, na kumsikiliza ajibupo.

BARAZA LA KUSIKILIZA

Katika Zimbabwe mwaka 2006, daktari wa maradhi ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza kazi katika kitongoji cha Mbare, mjini Harare. Madaktari wa fani yake walikuwa wachache mno katika nchi, basi akawafundisha kina bibi kumi na wanne, watu wazima wa mtaani, wakae juu ya mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mazito. Kazi hiyo ikaitwa Benchi la Urafiki. Bibi humwacha mtu aseme yote, na hilo kwa lugha yao huitwa kufungua akili. Kisha humsaidia achague shida moja tu kati ya nyingi, watafute hatua ndogo ya kuanzia, na mtu hurudi siku nyingine kueleza imekwendaje. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika zahanati 24 za Harare juu ya wagonjwa 573. Baada ya miezi sita, waliopita katika benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Tulipoisoma habari hiyo tulitazama nje ya dirisha. Ni mji gani wenye mabenchi kuliko wetu? Nyumba nyingi za zamani za Mji wa Kale zilijengewa baraza ya mawe mbele ya mlango, nayo haikujengwa kwa urembo tu. Wazee wengine husema kwamba zamani hapakuwa na huu msongo wa mawazo. Kwa heshima twajibu kwamba ulikuwapo, ila ulikuwa na mahali pa kwenda. Mtu alikaa barazani baada ya Alasiri, na mzee akaona kwa macho yake kwamba fulani leo hacheki.

Liko pingamizi moja kubwa, nalo ni siri. Watu huogopa kwamba neno likisemwa kwa wazee leo, kesho litakuwa sokoni. Hofu hiyo ni ya haki. Sisi makarani twajua kwamba daftari lisilofungwa kwa ufunguo si daftari. Anayekubali kusikiliza na aape kunyamaza, na akivunja kiapo aondolewe katika kazi hiyo bila kungojwa mwaka uishe.

Na yako mambo yanayopita uwezo wa baraza. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi halali, hali, haoni ladha ya kitu chochote, au asemaye kwamba afadhali afe, asiambiwe avumilie, wala asiachwe peke yake. Aandamane na mtu mpaka hospitalini siku ile ile. Wengi walificha jambo hilo kwa kuogopa polisi, kwa sababu sheria ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Basi mtu huyo ni mgonjwa ahitajiye tiba na watu wake.

OMBI LETU

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

La kwanza: kila Jumamosi baada ya Alasiri, wazee wawili na mama mmoja wakae katika baraza ya ofisi yetu kuwasikiliza wanachama, pasipo kuandika jina la mtu ila kwa ridhaa yake. Aliyekosa mchango asizuiwe kuja. Yeye ndiye tunayemngoja zaidi.

La pili: sehemu moja katika kila kumi ya michango iwekwe katika mfuko wa msaada wa mapema, kwa mikopo midogo isiyo na faida, hasa ya kumwokoa mtu asiuze kifaa cha kazi yake. Kanuni zetu za sasa hutoa fedha kwa ugonjwa na maziko. Hatutaki ziguswe. Twataka tu kwamba Chama kimjue mtu kabla ya siku hizo mbili.

La tatu: kila mwanachama apewe karatasi moja ya mwaka, aandike tarehe za kodi, karo, leseni na sikukuu za nyumba yake, aibandike ndani ya mlango wa kabati, na mume na mke waisome pamoja kila mwanzo wa mwezi. Karatasi tumekwisha kuzipiga chapa, nazo zapatikana kwa mweka hazina bila malipo.

Wazee waliotutangulia katika mji huu walianzisha vyama vya kusaidiana wakiwa wageni, mbali na kwao, wenye mshahara mdogo. Walianza kwa kuzikana, kwa sababu kifo kilikuwa shida ambayo hakuna mtu aliyeweza kuibeba peke yake. Tumeihifadhi desturi hiyo vema, na hakuna mwanachama wetu aliyezikwa bila watu. Twaomba sasa kwamba asiwepo mwanachama atakayekaa miezi mitano na deni lake bila watu. Yule fundi wa leso amekubali kuwa mtu wa kwanza kukaa barazani Jumamosi ijayo, ili atakayekuja baada yake asione haya.